Kikohozi cha Mwalimu Musyimi

Saa nne na dakika kumi asubuhi, Inspekta Wavinya aliingia lango la Makao ya Wazee ya Kyeni, nje kidogo ya Matinyani, akiwa na daftari moja, kalamu mbili, na saa tatu na dakika hamsini za kuamua kama msichana mmoja angebaki na kazi yake.

Muda huo hakuupanga yeye. Ulipangwa na Matroni Ndinda, msimamizi wa makao, mwanamke aliyenyooka kama mlingoti na mwenye heshima zote za bendera yenyewe. Alimpokea Wavinya barazani akiwa ameshika karatasi moja iliyopigwa chapa.

"Hii ni barua ya kumfuta kazi Awo Abdijabar," alisema. "Nitaitia sahihi saa nane kamili. Nimesema mbele ya wafanyakazi wote, na nikisema saa nane ni saa nane."

"Na mimi je?"

"Kumfungia mzee chumbani ni jinai. Mimi namfuta, wewe unamshika. Tutagawana kazi."

Wavinya alifungua daftari. Malalamiko yalikuwa mafupi. Katika siku kumi na moja zilizopita, mkazi mmoja, Susu Kavindu wa Kanyangi, yaani Bibi Kavindu kwa Kikamba, mwenye umri wa miaka tisini na mmoja, alikutwa mara tatu ndani ya stoo ya shuka saa ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umefungwa kwa ufunguo kutoka nje. Ufunguo wa stoo hiyo ulikuwa mmoja, nao ulikaa kiunoni mwa Awo, mlezi wa upande wa wanawake. Mara ya tatu Awo aliulizwa mbele ya watu. Akajibu maneno mawili.

"'Nilifunga mimi,'" Matroni alisema. "Basi. Hakuomba msamaha, hakulia. Huyu ni msichana ambaye wazee wamemchagua mfanyakazi wa mwezi mara tatu mfululizo. Kwa kura za maharagwe, Inspekta. Mimi mwenyewe nilihesabu."

Walipita ua wa ndani. Ukutani, kwa herufi zenye urefu wa nusu mita, wafanyakazi walikuwa wamepaka maneno wenyewe kwa rangi nyeupe: HAPA HAKUNA ANAYEKULA PEKE YAKE. Matroni alisimama chini yake kana kwamba wimbo wa taifa umeanza.

"Asubuhi na jioni wazee wanakula vyumbani," alieleza. "Lakini saa saba mchana, wazee wote thelathini na wanne, walezi, mpishi, mlinzi wa lango na mimi, tunakaa ukumbi mmoja na kula sufuria moja. Miaka tisa. Hakuna siku tumeruka. Kuna makao mengine yana lifti. Sisi tuna hiyo."

Chini ya kivuli cha tangi la maji, walezi wanne walikuwa wamepanga mstari, mikono mbele, vidole vimenyooshwa. Mbele yao, kwenye kiti cha plastiki, alikaa bibi mdogo wa umbo aliyejifunga leso ya kijani, akikagua kucha zao moja moja.

"Hiyo ni kila Jumatatu," Matroni alinong'ona. "Wazee ndio wanaokagua wafanyakazi, si sisi kuwakagua wao. Mkaguzi mkuu ni huyo. Ndiye Susu Kavindu."

Susu alimaliza na mlezi wa mwisho, akainua macho, akamwona Wavinya. "Wewe wa polisi. Lete vidole."

Wavinya, ambaye alikuwa amewahi kumfuata mwizi wa mizinga ya nyuki kutoka Kanyangi hadi Nunguni kwa miguu, alinyoosha mikono.

"Kidole cha shahada kina wino," Susu alisema. "Kasafishe, ndipo uje kuuliza watu maswali."

Kabla Wavinya hajajibu, mtu alikohoa nyuma ya kona ya jengo. Mara mbili, kavu, kwa mpangilio. Susu Kavindu alivuta leso hadi usoni, akageuza kiti chake kuelekea tangi, akakaa akilitazama. Kwa muda hakuna aliyepita. Kisha hatua za fimbo zilisikika zikizunguka upande wa pili, nyuma ya jikoni, ambako ilikuwa njia ndefu zaidi.

"Jua linamsumbua macho," Matroni alisema.

Wavinya alitazama juu. Mawingu yalikuwa yamejaa tangu alfajiri. Aliandika.

*

Stoo ya shuka ilikuwa katikati ya ujia, kati ya vyumba vya wanawake na ukumbi wa chakula. Wavinya aliipima kwa hatua: tatu kwa mbili. Dirisha dogo lilikuwa wazi, na upepo ulipita. Kulikuwa na rafu nne za shuka, kiti kimoja chenye mto, na nyuma ya shuka za rafu ya chini, bakuli la bati la buluu, lililooshwa, na kijiko ndani yake.

"Mto ni wa nani?"

"Wa kitanda cha Susu," Matroni alisema.

"Na hizi shuka, nani amezikunja?"

Matroni alikaribia. Shuka za rafu tatu zilikunjwa vizuri. Za rafu ya nne zilikunjwa kwa namna ya kuaibisha zile nyingine: pembe juu ya pembe, kingo zote zikielekea upande mmoja.

"Susu alikuwa akifua shuka za hospitali ya misheni miaka ishirini na saba," Matroni alisema polepole. "Hakuna mwingine hapa anayekunja hivyo."

"Basi mtu aliyefungiwa kwa nguvu alipewa mto, hewa, bakuli la chakula, na akaamua kupanga rafu."

"Inspekta, mlango ulifungwa kutoka nje."

"Nimesikia."

Nje, ujiani, mtu alikohoa tena. Mara mbili. Kimya. Kisha fimbo ikaanza kutembea.

"Huyo ni nani?"

"Mwalimu Musyimi. Alistaafu ukuu wa shule huko Nunguni. Amekuja majuzi tu, na amekuja na hicho kifua. Nimempa chupa tatu za dawa. Nikampeleka mjini akapigwa picha. Mapafu ya kijana. Hata daktari alishangaa."

"Amekuja lini hasa?"

Matroni alihesabu kwa vidole. "Siku kumi na mbili leo."

*

Awo Abdijabar alikuwa na miaka ishirini na minne, hijabu ya rangi ya kahawia, na viatu vilivyong'aa kuliko vya mtu yeyote katika makao yale. Baba yake aliuza mifugo Mwingi, na kwa kukulia huko alizungumza Kikamba ambacho wazee walikisifu hadharani ili kuwakera walezi Wakamba. Alikaa mbele ya Wavinya bila kuegemea kiti.

"Ulimfungia Susu Kavindu?"

"Nilifunga mlango, ndiyo."

"Kwa nini?"

"Hilo sijibu."

"Alikuwa amekukosea?"

"Susu?" Awo nusura acheke. "Susu hakosei. Muulize mwenyewe."

"Ulimnyima chakula?"

Hapo msichana alibadilika sura. "Andika vizuri hapo, Inspekta. Mimi sijamnyima mzee chakula hata siku moja. Wanifute, wanishike, lakini hilo lisiandikwe."

"Kuna mtu uliyemwahidi kitu?"

Awo alitazama mikono yake.

"Umeapa?"

"Kwetu mtu akiapa, ameapa."

"Na unajua uliapia nini?"

"Hapana," Awo alisema. "Sikuambiwa sababu. Niliambiwa tu, 'Mwanangu, nifungie, ukimaliza kula unifungulie, na usiseme.' Sasa nimeshasema zaidi ya nilivyotaka. Wewe ni mjanja."

"Ni kazi yangu. Saa nane utafutwa kazi, unajua?"

"Najua."

"Na bado husemi."

"Mtu wa miaka tisini na mmoja ameniamini na siri yake," Awo alisema. "Kazi nitapata nyingine. Hiyo sitapata."

Wavinya alifunga daftari. Aliyemwomba alikuwa Susu mwenyewe. Hilo lilikuwa wazi sasa. Lakini Matroni asingekubali neno la mshukiwa, na Susu alipoulizwa mara tatu alikuwa amejibu mara tatu kwamba shuka zilihitaji kukunjwa. Ilibaki sababu. Bibi mwenye akili timamu alikuwa akikimbia meza ya chakula, na saa ilikuwa saa tano na robo.

*

Mshukiwa wa pili alijileta mwenyewe. Kitheka, mpishi mkuu, mtu mpana mwenye aproni nyeupe, ndiye aliyefungua ile stoo kwa nguvu ya bega mara ya kwanza, akitafuta vitambaa vya meza, na ndiye aliyepeleka malalamiko. Juu ya jiko lake ilining'inia picha yake ndani ya fremu, akiwa mfanyakazi wa mwezi. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili iliyopita. Vumbi halikuwa limeruhusiwa kuigusa.

"Ulimchongea Awo kwa sababu ya maharagwe," Wavinya alisema.

"Maharagwe gani?"

"Ya kura. Mara tatu mfululizo."

Kitheka aliweka mwiko chini kwa uangalifu mkubwa. "Inspekta. Mimi nimepika muthokoi kwa miaka kumi na sita. Mahindi nayatwanga kwenye kinu, siyapeleki kwa mashine, mpaka ganda lote linatoka. Susu Kavindu alikuwa anamaliza bakuli, anafuta kwa kidole, anasema, 'Huyu mtoto alifundishwa.' Mbele ya watu wote. Siku kumi na moja sasa kiti chake kiko wazi. Unajua hiyo ni nini kwa mpishi?"

"Nini?"

"Ni msiba. Nilidhani ameukataa muthokoi wangu. Nilipomkuta stoo nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikasema, kumbe amefungiwa."

"Umepoteza bakuli la buluu?"

Kitheka alikunja uso. "Linapotea saa saba kasorobo, linarudi saa nane, limeoshwa. Nilidhani ni mlinzi wa lango. Yule hula mara mbili."

Wavinya aliomba daftari la uzito. Wazee wa Kyeni hupimwa kila Ijumaa, na uzito huandikwa kwa wino mwekundu ukishuka na wino wa buluu ukipanda. Alifuata mstari wa Susu Kavindu kwa kidole. Wiki mbili zilizopita, kilo arobaini na tatu. Ijumaa iliyopita, arobaini na tatu na nusu. Wino wa buluu.

Alimwonyesha Kitheka. Mpishi alisoma mara mbili, akajifuta jicho kwa aproni, akadai ni kitunguu. Kitunguu hakikuwapo.

"Amekuwa anakula," alisema. "Kule stoo."

"Bakuli zima. Hajakukimbia wewe. Kuna mtu mwingine aliyekuja siku moja kabla ya yeye kuanza kujificha."

*

Mwalimu Musyimi alikuwa barazani akicheza drafti peke yake na akishinda. Alikuwa na miaka sabini na sita, koti lililopigwa pasi, na kalamu mfukoni. Wavinya alikaa mbele yake, akacheza naye mechi nzima bila kusema neno. Alishindwa kwa kete tano. Katika dakika ishirini na mbili hizo, Mwalimu hakukohoa hata mara moja. Kando ya kiti chake, kwenye chungu, ua la waridi lilikuwa limeota majani yanayonata yenye harufu ya dawa ya kifua.

"Ua lako linaendeleaje na kikohozi?" Wavinya aliuliza.

Mwalimu alipanga kete upya. "Linapata nafuu."

"Mwalimu, nasikia unajua majina ya wakazi wote."

Hapo mzee alinyoosha mgongo. "Kwa siku tatu. Miaka thelathini na minne nimeita rejista, Inspekta. Sijawahi kumwita mtoto 'wewe wa nyuma'."

"Niitie rejista ya hapa. Kwa mpangilio wa vitanda."

Mwalimu alisimama, akashika fimbo kwa mikono miwili, akaanza. Aliita wanaume kwanza, kitanda cha kwanza hadi cha kumi na tano, majina matatu matatu. Wavinya alitia alama kwenye orodha aliyopewa na Matroni. Kisha wanawake: kitanda cha kwanza, cha pili, cha tatu, mpaka cha sita. Hapo Mwalimu alikohoa, mara mbili, kavu. Akaendelea na kitanda cha nane hadi cha kumi na tisa.

"Hao ni thelathini na watatu," Wavinya alisema.

"Rejista imekamilika."

"Kitanda cha saba?"

Mwalimu alitazama lile ua kwa muda. "Kitanda cha saba yuko," alisema kwa sauti ya chini. "Hakosi darasa. Mtilie alama."

Kitanda cha saba kilikuwa cha Susu Kavindu.

Wavinya alikuwa Mkamba, na bibi yake alikuwa amemlea kwa miaka tisa. Alijua kuna mtu mmoja tu duniani ambaye mwanamume wa zamani hathubutu kumtaja jina, hali naye, wala hakutani naye uso kwa uso. Akimwona njiani, mmoja huacha njia. Heshima hiyo Wakamba huiita nthoni, na mtu huyo ni mama wa mke wake. Lakini kujua si kuthibitisha. Alisimama akaenda kutafuta karatasi.

Faili za Kyeni zilikaa kwenye kabati mbili, za wanaume kushoto, za wanawake kulia, na kwa miaka tisa hakuna aliyekuwa na sababu ya kufungua zote mbili kwa wakati mmoja. Wavinya alifungua zote mbili.

Fomu ya Mwalimu Musyimi ilijazwa na yeye mwenyewe kwa mwandiko ambao ungeweza kuning'inizwa ukutani. Watoto watano, wote wa mke wa pili; wao ndio waliomleta. Mke wa kwanza: Kalekye, wa Kanyangi, alifariki mwaka wa 1984, bila mtoto. Baba wa mke: jina lilikuwapo. Mama wa mke: mstari mtupu. Ndilo pengo pekee katika kurasa nne.

Fomu ya Susu Kavindu ilijazwa na karani wa kanisa lake la Kanyangi, lililomleta miaka mitatu iliyopita. Watoto: mmoja. Jina: Kalekye. Alifariki 1984.

Ilikuwa saa sita na dakika arobaini.

*

Susu Kavindu alikuwa kitandani mwake, amekaa, leso mapajani, akisubiri. Awo alikuwa mlangoni na ufunguo. Wavinya alinyoosha kidole cha shahada kwanza. Kilikuwa safi.

"Susu, sitakuomba utaje jina la mtu yeyote."

"Vizuri," Susu alisema. "Kwa sababu nisingelitaja."

"Kuna mtu aliyekuja hapa siku kumi na mbili zilizopita. Akikaribia kona, anakohoa ili upate muda wa kugeuka. Wewe unageuka, yeye anazunguka. Mmefanya hivyo bila kuambizana neno."

Susu alikunja leso pembe juu ya pembe.

"Ukumbini hakuna kona. Kuna meza moja tu. Mngekula mkitazamana. Mbona hukumwambia Matroni?"

"Ningemwambia, angefanya nini? Angemhamisha mmoja. Na anayehamishwa ni yule wa mwisho kuja." Susu aliiweka leso mapajani. "Binti yangu alipokufa, watu walisema ukwe umekwisha, hakuna hata mjukuu. Sikiliza. Kila Agosti, likizo ya shule, miaka minne, kuna mtu alikuja na saruji kwa punda kutoka stendi mpaka kwangu. Akajenga tangi la maji. Mimi nilikaa ndani, yeye nje. Akimaliza, anakohoa langoni, anaenda. Sikumwona uso. Mwaka wa ukame mkubwa, Kanyangi nzima ilichota kwangu. Tangi lile halijapasuka mpaka leo."

"Na wewe huwezi kumlipa kwa kumfukuzisha."

"Mimi nimekula kwa adabu miaka tisini na mmoja. Niache leo kwa sababu nimezeeka?"

Mlangoni, Awo alikuwa ameshusha ufunguo.

"Kwetu pia," alisema taratibu, "baba yangu hapiti mbele ya mama wa mama yangu bila kuinamisha macho. Susu, ungeniambia tu."

"Ningekuambia ungejua, na ungejua ungeulizwa, na ungeulizwa ungebeba mzigo. Nilitaka ubebe ufunguo tu." Susu alimtazama. "Sikujua watakufuta. Hakuna aliyeniambia. Kiapo chako nimekifungua. Mwite yule wa barua."

*

Matroni Ndinda alisikiliza akiwa amesimama. Wavinya alimweleza kwa mpangilio wa ushahidi: mto, bakuli, shuka, uzito, ua la waridi, kitanda cha saba, mstari mtupu, faili mbili. Hakutaja majina mawili yale katika sentensi moja. Alipomaliza, Matroni alikaa.

"Baba yangu," alisema, "aliwahi kuruka ndani ya mtaro wenye maji, na suti ya kanisani, kwa sababu nyanya yangu mzaa mama alitokea njiani. Watu wa Nunguni walimsifu mwaka mzima." Alishika kichwa. "Mimi ni Mkamba wa Nunguni, Inspekta, na nimempa mtu chupa tatu za dawa kwa sababu ana adabu."

"Na picha ya kifua."

"Na picha ya kifua. Sasa nifanye nini? Nikimtoa mmoja akale chumbani, ule ukuta wangu unasema uongo."

"Ukuta unasema hakuna anayekula peke yake," Wavinya alisema. "Hausemi lazima watu watazamane."

Ni Awo aliyekumbuka mapazia ya chumba cha wagonjwa, ya kijani, yenye fremu za magurudumu. Ni Kitheka aliyeyasukuma mwenyewe ujiani, mawili kwa wakati mmoja, huku muthokoi ukimsubiri, jambo ambalo halijawahi kutokea. Waliyapanga katikati ya ukumbi kutoka mlango wa nyuma hadi karibu na sufuria, na sufuria ikakaa mwishoni mwa pazia, ikitazama pande zote mbili. Wazee waliambiwa kwamba meza imepangwa upya. Wengi walitazama pazia, wakamtazama Mwalimu Musyimi aliyesimama nje, wakamtazama Susu, na kwa kuwa walikuwa watu wazima wa Ukambani, hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi. Mzee mmoja alisema tu, "Wakati ulikuwa umefika," akavuta kiti.

Saa saba kamili, Susu Kavindu aliketi upande wa kulia wa pazia, mahali pake pa zamani, mgongo wima. Awo alisimama mwisho wa pazia kama kiranja wa zamu.

Mlangoni, mtu alikohoa. Mara mbili.

Mlezi mmoja, kwa mazoea ya siku kumi na mbili, alinyoosha mkono kuchukua chupa ya dawa kwenye dirisha. Awo alimshika mkono.

"Wacha," alisema. "Huyo anapiga hodi."

Nyuma ya pazia, kijiko kiligonga bakuli la buluu. Mara mbili.

Mwalimu Musyimi aliingia. Hakuinua macho kuelekea kulia. Alitembea hadi kiti chake upande wa kushoto, akaegemeza fimbo, akakaa. Kitheka alipakua pande zote mbili kutoka sufuria moja, akarudi nyuma, akafunga mikono, akasubiri kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Vijiko vilianza. Baada ya muda, kutoka upande wa kulia, sauti ya Susu ilisikika waziwazi, ikisemwa kwa ukumbi mzima na kwa yeyote aliyekuwa ng'ambo.

"Huyu mtoto alifundishwa."

"Sana," ilijibu sauti ya mwalimu kutoka kushoto, bila kumjibu mtu yeyote.

Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu hao wawili kula pamoja.

Dakika tatu kabla ya saa nane, Matroni Ndinda alitoa ile barua, akaigeuza, akachora nyuma yake mstatili wa ukumbi, mstari wa pazia, na viti vyote. Chini aliandika: *Msimamizi wa pazia: Awo Abdijabar.* Kisha alitazama saa yake, akangoja, kwa sababu alikuwa amesema mbele ya wafanyakazi wote. Mshale ulipofika, aliitia sahihi upande ule wa nyuma, chini ya jina la Awo.

Awo aliisoma upande wa nyuma, kisha akaigeuza akasoma upande wa mbele, kila neno. Aliikunja pembe juu ya pembe, namna aliyofundishwa stooni, akaiweka mfukoni. Halafu akaenda kuchukua bakuli la buluu, ambalo siku hiyo lilirudi jikoni kwa njia ya kawaida.